Blackjack: kiti cha kwanza, cha katikati au cha mwisho, kipi kina nafuu?

Mgeni wa Meza
Wakuu, heshima zenu. Nina ubishi umenikaa kichwani tangu jana, naomba mnisaidie kuumaliza.

Nilikaa kiti cha mwisho, kile cha mkono wa kulia wa mgawaji, ambacho hucheza baada ya wengine wote. Nina 12, mgawaji anaonyesha 3. Nikaomba karata, ikaja 10, nikapasuka, yaani nikapita 21. Mgawaji akafunua aliyoificha: 10 nyingine, jumla 13. Akavuta, ikaja 7, akafika 20. Meza nzima ikaliwa. Jamaa mmoja akanigeukia utadhani nimemwibia: "Ile 10 ilikuwa ya mgawaji! Ungetulia angepasuka kwa 23." Wawili wakakusanya chipu zao wakahama.

Je, niliwaponza kweli? Na kama kiti kina uzito, nikae wapi siku nyingine: mwanzo, katikati au mwisho?

Chipu Mbili
Uliwaponza, mdogo wangu, tusifichane. Kiti cha mwisho ni golikipa. Mgawaji akionyesha karata dhaifu, 2 mpaka 6, wewe unakunja mikono na kumwacha ajipasue mwenyewe. Mimi nimekaa kwenye meza hizi tangu wengine humu hawajajua kuhesabu mpaka 21, na nimeona meza nzuri zikiharibiwa na mgeni mmoja wa pale mwisho. Kaa katikati mpaka ukomae.

Bint Hesabu
Shikamoo mzee Chipu Mbili. Kwa heshima zote, hapa nakupinga.

Kwanza, kijana hakukosea. Kwa 12, unasimama mgawaji akiwa na 4, 5 au 6 tu. Akiwa na 2 au 3 unaomba karata. Hii si hisia ya mtu: Mtaalamu wa hesabu Baldwin na wenzake watatu waliichapisha mwaka 1956 baada ya kuikokotoa kwa mashine za mezani, na kompyuta zilipokuja hazikuibadilisha.

Pili, hiyo 10 "ya mgawaji". Chukua karata mbili tu, ya 10 na ya 7, zichanganye, zilaze kifudifudi. Mgawaji ana 13. Mchezaji wa mwisho akisimama, mgawaji anachukua ya juu: nusu ya nyakati ni 10 anapasuka, nusu ni 7 anapata 20. Mchezaji akiomba, mgawaji anabaki na ya chini. Ya chini ni 10 mara ngapi? Nusu ileile. Hakuna kilichobadilika isipokuwa jina la atakayelaumiwa.

Sasa igeuze mechi ya jana. Tuseme 7 ndiyo ilitangulia. Mgeni wa Meza anaomba, anapata 19, mgawaji anavuta 10 na kupasuka, meza nzima inalipwa. Uamuzi ni uleule. Kuna mtu angemnunulia hata soda? Wangesema tu meza leo ni nzuri.

Chipu Mbili
Marahaba binti yangu. Lakini huo mfano wako una karata mbili. Kisanduku kina pakiti 6, na 10 ndizo nyingi kuliko zote. Kwa nini mtu azile wakati tunataka zimfikie mgawaji?

Bint Hesabu
Ni nyingi kwa kila nafasi, mzee wangu. Kila pakiti ya karata 52 ina 16 zenye thamani ya kumi. Karata iliyo juu ya kisanduku na ile inayoifuata, zote mbili zikiwa hazijafunuliwa, zina uwezekano sawasawa wa kuwa 10. Ukila moja bila kuijua, inayofuata haijadhoofika kwa ajili hiyo. Ungekuwa unaziona kabla ya kuomba, hapo ningekubali, lakini hapo tungekuwa tunazungumzia wizi.

Tabu ni kwamba kiti cha mwisho kiko karibu mno na karata ya mgawaji. Mtu wa kiti cha pili akiomba karata, naye anasogeza mstari wote vilevile, ila hakuna anayekumbuka kufuatilia.

Kimya Kingi
Nimesoma nikicheka peke yangu. Bint Hesabu yuko sahihi kwa anayecheza kwa kanuni za msingi, kama hiyo ya 12: kiti hakina maana yoyote. Niongeze upande wa wanaohesabu karata, maana kule tofauti ipo, ila ndogo kuliko inavyosemwa.

Tangu mwanahisabati Edward Thorp alipochapisha kitabu chake cha kuhesabu karata mwaka 1962, inajulikana kwamba karata ndogo zikitoka kwa wingi, zilizobaki zinamfaa mchezaji. Chukua 16 dhidi ya 10. Kanuni za msingi zinasema omba, lakini tofauti ni nyembamba kama unywele. Kama hesabu yako inaonyesha ndogo zimetoka nyingi, unasimama. Aliye kiti cha mwisho ameona karata zote walizovuta wenzake kabla yake, kwa hiyo anaamua akiwa na habari zaidi. Wa kiti cha kwanza hana.

Ila kumbuka jambo ambalo watu hulisahau: dau limeshawekwa. Sehemu kubwa ya faida ya anayehesabu hutokana na kuweka dau kubwa wakati unaofaa, na dau huwekwa kabla ya karata kugawiwa, viti vyote kwa pamoja. Bima, lile dau la pembeni kwamba mgawaji ana blackjack, vilevile inaulizwa kwa meza nzima kabla ya yeyote kuanza kucheza. Kinachobaki kwa kiti cha mwisho ni maamuzi machache ya mpakani. Kwenye pakiti 6 au 8 hata hilo linayeyuka. Kwenye pakiti moja lingekuwa na uzito zaidi, lakini huko mara nyingi wachezaji hupewa karata zikiwa zimefunikwa, kwa hiyo unakaa mwisho na bado huoni kitu.

Mgeni wa Meza
Asanteni sana, angalau nimepumua. Na kiti cha kwanza vipi? Kuna mtu alinitisha eti ni cha wataalamu.

Mgawaji Mstaafu
Niliwahi kusimama upande wa pili wa meza kwa miaka kadhaa, niseme nilichokiona.

Kiti cha kwanza, kilicho kushoto kwa mgawaji, tatizo lake ni haraka. Unapomaliza kugawa, macho na mkono vinakwenda kwake moja kwa moja, na mgeni hajamaliza hata kujumlisha. Huyo anakosea kwa presha, si kwa kiti. Zamani kilikuwa na sifa nyingine: mgawaji mwenye 10 au ree aliinua ncha ya karata aliyoificha kuchungulia, na mzembe aliweza kumwonyesha aliyekaa pale. Siku hizi meza nyingi zina kifaa kidogo cha kusomea, karata haiinuliwi kabisa.

Na kuna meza ambazo mgawaji hajipi karata ya pili mpaka wachezaji wote wamalize. Hapo ndipo mtu wa mwisho anatukanwa kuliko popote, kwa sababu karata anayoiacha inakwenda kwa mgawaji hapohapo mbele ya macho ya watu. Hesabu ni ileile aliyoieleza Bint Hesabu, ila inauma zaidi kuitazama.

Kwa mgeni ningesema katikati. Si kwa bahati. Unapata sekunde chache za kufikiri na hakuna anayekutazama.

Lakini jamani, nilikuwa nashangaa watu wanavyogombea kiti halafu hawasomi maandishi ya mezani. Meza inayolipa blackjack, yaani ree na karata ya kumi kwa karata mbili za mwanzo, 3 kwa 2 inakupa 15 kwa dau la 10. Ile ya 6 kwa 5 inakupa 12. Blackjack huja takriban mara moja kila mikono 21, kwa hiyo tofauti hiyo pekee inaiongezea kasino kama asilimia 1.4, wakati meza yenye masharti mazuri faida yake yote, dhidi ya anayefuata kanuni, ni karibu nusu asilimia. Mgawaji anayevuta tena akiwa na 17 yenye ree inayohesabiwa 11 naye anakugharimu kama asilimia 0.2. Hivyo vyote vimeandikwa kwenye kitambaa. Nimeona watu wanasubiri kiti wakipendacho nusu saa kwenye meza ya 6 kwa 5.

Kimya Kingi
Umenikumbusha: idadi ya watu ina maana kuliko kiti. Ukiwa peke yako na mgawaji mwepesi unaweza kucheza mikono kama 200 kwa saa. Meza ikijaa watu saba, ni 50 hivi au 60. Kwa dau la chipu moja na faida ya kasino ya nusu asilimia, mikono 200 inakugharimu chipu nzima kwa wastani, mikono 60 inakugharimu chini ya theluthi yake. Asiyehesabu karata aipende meza iliyojaa. Anayehesabu aikimbie.

Bint Hesabu
Na meza za kompyuta zisizo na mgawaji wa kweli tusizijadili kabisa. Kwa kawaida pakiti huchanganywa upya kila mkono, "kiti" ni picha tu.

Mgeni wa Meza
Basi nimeamua: katikati, meza ya 3 kwa 2, iliyojaa. Na 12 dhidi ya 3 nitaendelea kuomba karata, wanune wanavyotaka.

Chipu Mbili
Nimekaa na mjukuu wangu hapa tumejaribu zile karata mbili mara 40. Niliposimama mgawaji alipasuka mara 11 kati ya 20, nilipoomba alipasuka mara 9 kati ya 20. Mjukuu anasema ni sawasawa tu. Mimi nasema mbili zimepotea, na najua ni nani kazila.