Mjadala: Boma la kijijini lilipe kodi ya ardhi ya kaunti, au liachwe?

MWANZISHA MADA:
Wadau, salamu. Tangu sheria mpya ya kitaifa ya Kenya ya kodi ya ardhi ya mwaka 2024 ichukue nafasi ya zile mbili kongwe, Sura ya 266 na Sura ya 267, kila baraza limejaa uvumi. Tuweke mambo mawili sawa kwanza, kisha tubishane.

La kwanza, kaunti haikujipa jana mamlaka ya kutoza kodi hii. Yamo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 209. Ila kwa miaka mingi waliolipa ni wenye viwanja vya miji na vituo vya biashara. Mashamba mengi ya wakulima wadogo hayakuguswa, ndiyo maana watu wanaona ni kitu kipya.

La pili, msichanganye na pango la ardhi. Pango huenda kwa serikali kuu, na hulipwa na aliyekodishiwa ardhi kwa miaka kadhaa. Mwenye hati ya umiliki wa daima halipi pango. Lakini kodi ya kaunti haiangalii aina ya hati. Nimemsikia mzee akiapa, "Hati yangu haina mwisho, mimi sidaiwi na mtu." Mzee, unaweza kudaiwa.

Msimamo wangu: shamba ambalo mwenyewe analilima na kulala humo lisitozwe hadi siku atakapouza au kulikata viwanja. Siku hiyo ndiyo kaunti ichukue chake chote, bila riba. Sababu ni kwamba kodi hii hufuata thamani, wala haiulizi mapato. Mkulima ana ekari tatu ambazo kwa karatasi ni mamilioni, lakini pesa taslimu anazishika bonasi ya chai ikitoka, na nusu yake ni karo. Unamtoza kwa utajiri ambao hawezi kuula bila kuuza shamba. Wale walionunua ekari kando ya lami wakaziacha vichaka wakingoja bei ipande, hao watozwe mwaka baada ya mwaka, na watozwe vizuri.

MDAU, NIMEWAHI KUFANYA KAZI YA ARDHI KAUNTINI:
Ndugu, hoja yako ni tamu lakini itaiua kaunti. Katiba inazihakikishia kaunti zote 47 kwa jumla angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na fungu hilo huchelewa kila mara. Likichelewa, zahanati inakaa bila dawa. Mapato ya ndani yatatoka wapi? Tumemkamua mama mboga kwa ushuru wa soko, tumemfuata mkulima na ushuru wa mazao barabarani. Ardhi angalau haiwezi kufichwa chini ya turubai la lori.

Halafu hofu nyingi zinatokana na kutosoma hesabu. Nairobi kwa miaka kadhaa ilitoza asilimia 34. Ukisikia hivyo unashika kichwa. Lakini ilikuwa asilimia 34 ya thamani iliyowekwa miaka ya mwanzo ya 1980. Baadaye wakaja na asilimia 0.115 ya thamani ya leo. Chukua kiwanja cha kufikiria tu: kama zamani kilithaminiwa 20,000, kodi ilikuwa 6,800. Kama leo ni milioni 6, kodi ni 6,900. Asilimia imeshuka kama jiwe, na bili haijasogea. Kwa hiyo anayekuja barazani kupiga kelele juu ya asilimia peke yake hajaanza kubishana. Uliza asilimia ya nini, na thamani ya mwaka gani.

Jambo jingine: kwa desturi ya miaka mingi hapa Kenya, kilichothaminiwa ni ardhi tupu. Kujenga nyumba ya mawe hakukukupandishia bili kuliko jirani mwenye ya mabati.

MDAU WA TATU:
Nyote mnaongea kana kwamba mwenye hati yu hai. Kwetu hati bado ina jina la babu, na babu tulimzika zamani. Wanawe wanne wamegawana kwa mipaka ya michongoma, hakuna aliyefanya mirathi. Bili ikija, itaandikwa jina la nani? Na huwezi kuhamisha ardhi bila cheti cha kaunti kwamba hudaiwi. Sasa mwanzisha mada anasema deni lisubiri siku ya kuuza au kukata. Mjane akitaka tu kipande chake kiandikwe jina lake, si shamba litakuwa limekatwa? Atakuta madeni ya ukoo mzima yamemngoja mlangoni. Ataacha hati ilivyo, na ugomvi utarithiwa na wajukuu.

MDAU KUTOKA TANZANIA:
Huku hatuna vita hivyo vya uthamini kwa nyumba ya kawaida. Kodi ya jengo hukatwa ukinunua umeme wa LUKU, yaani ule wa kulipia kabla ya kutumia: ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi mwaka 2021, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Ni rahisi, haina foleni. Ila mpangaji ndiye anayenunua umeme, basi ndiye anayekatwa, na kumdai mwenye nyumba zile 1,500 ni kutafuta notisi ya kuhama. Tena mwenye vyumba viwili na mwenye jumba la chini lenye vyumba vinane wanalipa sawa. Mkitaka urahisi, hiyo ndiyo bei yake.

MDAU WA TANO:
Barabara kwanza. Nitalipa nikiiona.

MWANZISHA MADA:
Wa tano, nakuelewa, lakini kwa mwendo huo hakuna atakayeanza.

Mdau wa tatu umenibana, na nakubali marekebisho: kurithi kusihesabiwe kuwa kuuza. Mjane apewe hati yake bila kuulizwa deni, deni lisubiri mauzo halisi kwa mnunuzi wa nje.

Na tusisahau mahali pa kuyapeleka haya. Kiwango cha kodi hupitia sheria ya fedha ya kaunti, na mwananchi lazima ashirikishwe. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta sheria ya fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu ushirikishwaji ulikuwa wa kubabaisha. Daftari la uthamini nalo huwekwa wazi, na kuna muda wa kupinga. Wengi wetu huamka bili ikishafika.

Ndugu wa ofisi ya ardhi, hesabu yako ya Nairobi nimeikubali. Lakini hiyo ni ya kiwanja cha mjini. Ekari tatu za chai zilizo karibu na lami mpya mtazithamini kama shamba, au kama viwanja ambavyo havijakatwa? Hapo hujajibu.