Naomba ushauri: blenda ya wati 350 kwenye tundu la sigara la Noah

Habari zenu wakuu. Nina Toyota Noah ya zamani, wikiendi nauza juisi ufukweni. Nilinunua inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 600, ile ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Kwa kuchaji simu haina shida. Jumamosi nikachomeka blenda ya wati 350: ikazunguka sekunde mbili, kimya. Redio nayo ikazima.

Kufungua kiboksi cha fyuzi, ile ya ampia 15 imekatika. Nikapiga hesabu: volti 12 mara 15 ni wati 180 tu, wakati blenda inataka karibu ampia 30, bado hujaweka umeme unaopotea kwenye inveta na ule mshtuko wa mota inapoanza. Kosa langu, sio la inveta.

Fundi wa mtaani anasema niweke tu fyuzi ya 30. Hapo roho inasita. Waya wa pale ni mwembamba, si utaungua wenyewe kabla fyuzi haijakatika?

Nafikiria kuvuta waya mnene moja kwa moja toka kwenye betri, na fyuzi yake pale pale karibu na betri. Waliofanya hivi, mlitumia waya wa unene gani kwa mita 4? Fyuzi ya 60 inatosha? Na betri ya gari, saizi ya N50, naweza kuitumia injini ikiwa imezimwa, au lazima gari liwe limewashwa muda wote? Mama watoto ameshaulizia birika la umeme, nimemwambia asahau kwanza.