Naomba ushauri: darubini ya marehemu imeota kuvu

Habari zenu ndugu zangu. Hapa Raskazone, Tanga, tunaandaa usiku wa kumkumbuka mzee wetu wa mtaa, aliyekuwa akipanga watoto foleni ufukweni wamwone Mshtarii, yaani sayari ya Jupita, na miezi yake minne, ile aliyoiona mwanasayansi Galileo mwaka 1610. Familia imetukabidhi darubini yake. Tatizo ni unyevu wa bahari: kioo cha mbele kimeota kuvu kama utando wa buibui. Nimepuliza vumbi, nikapangusa kwa kitambaa laini, wapi! Fundi miwani kagoma kuigusa.

Je, spiriti itabandua ile rangi ya zambarau iliyopakwa juu ya kioo kupunguza mng'ao? Na tuchague usiku wa nusu mwezi, mashimo yake yaonekane, au wa giza? Mjane anataka mbalamwezi, apike pilau nje.