Kuchora jagi kwa penseli, kitako kikaeje?

Wakuu habari, ndo naanza kuchora na mchoro wangu wa kwanza ni jagi la udongo, limekaa mezani naliangalia kutoka juu kidogo, mdomo umekaa fresh ila kitako sijajua nikipige mstari ulionyooka au nikikunje?

Jibu 1: Kikunje mkuu, tena zaidi ya mdomo. Duara likiwa chini zaidi ya usawa wa jicho ndo linavyozidi kufunguka, kwahiyo kitako kinakuwa kipana kutoka mbele kwenda nyuma kuliko mdomo, na zile pembeni usizichonge, zizungushe taratibu. Chora duaradufu (yaani duara lililobanwa) nzima hata upande usioonekana afu ufute

Jibu 2: Piga kwanza mstari wa katikati kwa penseli nyepesi, ndo utaona kama bega moja limeshuka. Na kivuli kiwe kizito pale kitako kinapogusa meza.

Jibu 3: Usiliache jagi haraka aisee. Giorgio Morandi wa Italia alichora chupa na majagi mpaka uzeeni, na kazi zake ni nzuri mno

Muuliza: Asanteni sana, nakunja kitako sasa hivi