Wametuuzia picha ya zidaka: kifurushi cha maficho cha "pwani ya Waswahili" ni wizi wa mchana kweupe

Wadau, asalaam aleikum. Leo sina mzaha, na yule anayekuja kuandika "ni gemu tu, tulia" apite kimya kimya aende kwenye uzi wa mpira.

Gemu lenyewe silitaji, wachezaji mtalijua. Ni lile ambalo ukishamaliza kupigana na mazimwi unarudi kwenye maficho yako: sanduku lako la mali lipo hapo, mhunzi yupo hapo, na mtu akitaka kununua kitu chako anakufuata hapo hapo. Ndiyo maana watu wanayapamba maficho hadi usiku wa manane. Mgeni akiingia anapepesa macho, anajua wewe ni mtu wa aina gani. Na kampuni imekaa ikajua pesa iko wapi: kupigana ni bure, taa ya ukutani ni ya kulipia.

Sasa wametoa kifurushi cha mapambo ya pwani yetu. Tangazo lilikuwa zuri, sikatai. Mashua, minazi, mlango wa nakshi, na nyuma kabisa ukuta mzima wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, umepigwa chokaa, kila kidaka na taa yake inawaka. Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu, nimekulia nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani. Nikasema alhamdulillahi, miaka yote tunajenga makasri ya Wazungu na mahekalu ya Wajapani, leo na sisi tumekumbukwa. Nikalipa dola 18 kwa kadi ya mtandaoni, ada ya kubadilisha pesa juu yake, na bando langu likaliwa lote na apdeti.

Nikausimamisha ukuta. Nikachukua bakuli la kauri, nikaliweka kwenye kidaka. Halikai. Linateleza mpaka sakafuni. Nikajaribu sahani, kitabu, mshumaa, vyote chini. Nikaishusha kamera, nikaisogeza ubavuni mwa ukuta mpaka karibu kugusa. Ukuta ni bapa! Kidaka hakuna. Ni picha ya kidaka iliyotiwa kivuli cha kudanganya macho, imebandikwa kama kalenda ya dukani. Na kivuli chenyewe hakijui kusogea: ukileta taa kulia, kimelala kulia, ukiihamishia kushoto, bado kimelala kulia. Zile taa za kwenye tangazo je? Zimechorwa.

Jamani, kidaka ni pa kuwekea kitu. Sahani za kauri za Kichina, msahafu, chupa ya marashi, vitu vya thamani vya mwenye nyumba. Kidaka kisichoweka kitu ni nini?

Najua mafundi wa gemu watanijibu: picha iliyotiwa kivuli ni nyepesi, umbo la kweli ni zito, kompyuta za watu zitalia. Hiyo hoja naijua na siikubali. Ukuta mzima wa zidaka unaweza kuchongwa ukawa umbo moja tu. Kidaka kimoja ukishakitengeneza, kompyuta inakirudia mara hamsini bila jasho, kwa sababu ni umbo lile lile. Kila gemu linafanya hivyo kwa nyasi na mawe. Nyasi za msituni, ambazo hakuna anayezitazama, zimepewa kina. Ukuta niliolipia dola 18, bapa.

Basi nikaamua nijijengee mwenyewe kwa vibao vya mbao vya kwenye menyu. Hapo ndipo nikakutana na kikomo: vitu 400 kwa maficho mazima, hata ulipe vipi. Hesabu iko hivi. Ukuta wa safu tano, kila safu zidaka tisa, ni zidaka 45. Hata zikichangia ubavu na dari, vibao vya kusimama ni 50 na vya kulala ni 54. Jumla 104, na bado hujaweka hata kijiko. Robo ya maficho yako imekwenda kwa ukuta mmoja ambao tayari umeununua!

Lakini zidaka ni dogo. Kubwa hili hapa.

Nyumba ya kale ya Amu haikuonyeshi tumbo lake ukiwa njiani. Unaanza dakani, kibaraza cha mlangoni penye baraza mbili za kukalia, hapo ndipo mgeni wa kawaida anapoishia. Ukikaribishwa unapita tekani, kijia cha kuingilia, na tekani imepindwa makusudi ili jicho la mpita njia lisifike uani. Kisha kiwanda, yaani ua wenyewe, wazi juu, jua linaingia. Kisha kumbi mbili nyembamba, msana wa tini (wa chini), kisha msana wa yuu (wa juu), na nyuma yake ndani, chumba cha mwenye nyumba, na huko ndiko zidaka ziliko. Kila ukiingia ndani zaidi, sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua. Mtu hujua amefika wapi kwa miguu yake, kabla hata hajaambiwa.

Nikaijenga yote hiyo kwa vibao na kuta za bure, nikabana matumizi, nikafika mahali inapendeza. Nikamwita mtu aje kununua upanga.

Akatua ndani. Chumbani! Katikati ya kitanda na zidaka, na farasi wake!

Kwa sababu mahali anapotua mgeni hapahamishiki. Wamepapigilia msumari katikati ya ukumbi, na ukumbi ndio huo huo ulioujengea nyumba. Ukitaka mgeni atue dakani, itabidi daka liwe katikati na nyumba ilizunguke, yaani nyumba iwe nje ya nyumba. Mtu nisiyemjua hata jina, kaja kununua upanga wa kutu, kapelekwa moja kwa moja alikolala bibi harusi. Nilizima kompyuta, wallahi.

Kupandisha sakafu nako ni balaa. Gemu linajua sakafu moja tu. Ukitandika vibao upate kipandio cha msana wa yuu, mhusika wako anakwama mguu anatetemeka pale pale mpaka umrushe. Na ukumbi wenyewe ni mpana mno. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu dari inashikwa na boriti za mkoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake, chumba hakizidi upana wa mita 3 hivi. Fundi alijenga kwa kadiri ya mti. Humu wamenipa ukumbi wa kuchezea mpira, halafu dari yake wameweka boriti, tena nyembamba za mkoko, zimetandazwa mita 12 bila nguzo hata moja. Mtu yeyote aliyewahi kulala chali akaitazama dari ya bibi yake angewaambia hiyo itamwangukia mtu.

Mengine nayapitia haraka maana damu inapanda. Mlango umejaa miiba ya shaba ya Unguja, hauna mfaa, ule mti wa katikati, na unafunguka ubawa mmoja. Katikati ya ua wameweka chemchemi ya maji yanayoruka. Chemchemi, Amu! Sisi tuna birika, tangi la maji la kujengewa. Na birika la zamani lilikuwa na sahani ya kauri imejengewa chini kabisa, maji yakipungua samaki wadogo wanapata pa kubaki, na samaki hao wanakula viluwiluwi vya mbu. Pambo gani la gemu lingekuwa tamu kuliko hilo? Samaki wanaogelea ndani ya sahani ya Kichina! Hawakujua, kwa hiyo wameweka bomba.

Na wanyama. Kifurushi kina ngamia wawili. Punda hata wa dawa hayumo. Mji ambao vichochoro vyake punda akipita na mzigo wewe unajibana ukutani, mji ambao mchanga, mawe na maji vimebebwa na punda, wameutengenezea ngamia.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu likaja la kunakiliwa: mapambo yakishawekwa kwenye maficho hayarudishiwi pesa. Sasa nitajuaje kwamba kidaka ni picha kabla sijakiweka? Kwenye duka lao hakuna kukizungusha kitu, unaona upande mmoja tu, ule walioutaka wao. Nikajibu hivyo hivyo. Wakanitumia lile lile jibu, safari hii na alama ya kutabasamu.

Na msiniambie haiwezekani, maana magemu mengine yameweza. Path of Exile ina maficho tangu 2014, na mchezaji anaweza kuhifadhi mpangilio wake katika faili akampa mwenzake. Kwenye The Sims 4 unaandika amri moja, bb.moveobjects on, vitu vinakubali kuingiliana, na ukibonyeza Ctrl na 9 kitu kinapanda hewani kidogo kidogo mpaka kikae unapotaka. Kikombe changu kingekaa kwenye kidaka cha kuchorwa kwa nguvu, ningenyamaza. Fallout 4 ya 2015 nayo ilikuwa na kikomo cha ujenzi, na watu wakagundua ukimwaga silaha chini halafu ukaziingiza ghalani kupitia menyu ya ujenzi, ile mita inashuka. Yaani hata kikomo kilikuwa na mlango wa uani. Hawa wetu kikomo wamekifunga kwa saruji, na punde tu wametangaza kifurushi kingine.

NYONGEZA, naona majibu yameanza kumiminika.

Uliyesema "hamia Minecraft": nimejenga humo pia. Tofali moja ni mita 1 nzima, kwa hiyo ukuta wa nusu mita hauupati ila kwa kubahatisha na nusu tofali na ngazi zilizogeuzwa. Lakini angalau humo kidaka kina kina, na kikomo cha vitu hakuna. Wala sitafuti gemu jipya, natafuta haki katika gemu ambalo nimeshaacha pesa yangu.

Uliyesema "wale ni wageni, wangejuaje": Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Wapima majengo walikwisha kuzichora nyumba hizi na kuchapisha ramani zake tangu miaka ya 1970. Mjini kuna nyumba ya makumbusho, unalipa kiingilio, unaingia tekani kwa miguu yako, unaziona zidaka kwa macho yako, unapiga picha mpaka simu izime. Waliona mpaka rangi ya chokaa wakaipatia barabara, hilo nawapa. Aliyepata rangi ya chokaa alizitazama picha. Hakuuliza tu kilichomo ndani yake ni cha nini, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu mtu wa kuulizwa yupo na yuko mtandaoni.

Dada wa Malindi aliyeuliza kama ukuta wa zidaka unafaa kwa nyumba ya makuti: usiununue. Kwanza hautokaa sawa na paa la mteremko, utaacha pengo juu. Pili umeshasoma hapa. Chukua mikeka ya bure iliyomo kwenye kifurushi cha wavuvi, ile ya rangi mbili, ukiisimamisha ukutani inapendeza, na kila mmoja unahesabiwa kitu kimoja tu.

Uliyeniita mlalamishi: naam.

Wanaotaka mpangilio wa ule ukuta wa vibao 104: gemu letu haliruhusu kutoa faili, si ajabu, kwa hiyo nitapandisha picha za hatua kwa hatua pamoja na vipimo vya kila kibao, umeme ukirudi. Anzeni na vibao vya kulala kwanza, vya kusimama baadaye, la sivyo gemu linakataa kuvipachika pembeni. Bakuli dogo la kauri linakaa, mshumaa unakaa, kitabu kinakaa kikisimama tu. Kuhusu mgeni kutua chumbani bado sina dawa. Kuna mtu amedai ukimzungushia ukuta pale anapotua na kuacha kitundu, anasukumwa nje mwenyewe. Nimejaribu, amesukumwa akaangukia birikani. Mwenye njia nyingine aiweke hapa hapa, na modereta usiuhamishie uzi huu kwenye "mengineyo".