Naomba ushauri: wachoma mkaa hawaji kwenye mikutano ya msitu wa kijiji

Ndugu wanachama, naomba msaada wenu. Mimi ni mwanasosholojia wa mazingira, nasaidia kijiji kimoja wilayani Kilwa kutunga sheria ndogo za msitu wake wa hifadhi. Sheria ya Misitu ya 2002 inakipa kijiji mamlaka hayo, na kamati ya maliasili ipo. Tatizo ni wachoma mkaa: mkutano mkuu ukiitishwa hawaonekani, wanahofia kutajwa. Nimepitia kwa wenyeviti wa vitongoji, nikaitisha pia vikao vidogo. Kina mama walifunguka sana, lakini wachoma mkaa hawakutokea. Sheria ikipitishwa bila wao haitashika, na hilo linaniuma.

Mliofanya kazi hii, mlikutana nao wapi, na nani aliwatambulisha? Je, majina yao niyaache nje ya muhtasari nitakaoikabidhi kamati?