Ruzuku ya mbolea, hela inaingia kwenye simu au? Mama yuko Kasulu

Mtoto wa Heru
Wakuu habari zenu. Mama yangu analima mahindi na maharage kule Kasulu, alijiandikisha kwa mtendaji wa kijiji, akaambiwa atapata ruzuku, sasa kila siku ananipigia simu kuuliza hela yake imefika au bado maana laini aliyoandikishia ni yangu. Meseji yenye namba yake ya kuchukulia mbolea ya ruzuku nimeipata ila hela sijaona. Juzi kuna mtu kwenye duka la pembejeo kamwambia aache ile namba na elfu kumi "ya kufuatilia". Mvua ndo hizi zimeshaanza, mwenzenu nimechanganyikiwa, nifanyeje?

Bwana Pembejeo
Mkuu usitoe hiyo elfu kumi na namba usimwachie mtu!! Hela haiji kwenye simu. Ruzuku hii tangu ianze msimu wa 2022/23 iko ndani ya bei ya mfuko. Mwaka ule mbolea ya kupandia, DAP, mfuko wa kilo 50 sokoni ilikuwa laki na thelathini na kitu, mkulima aliyeandikishwa akawa analipa 70,000, ile inayobaki serikali inailipa kampuni iliyoleta mbolea. Na kampuni inalipwa kulingana na mifuko inayoonekana kwenye mfumo wa kompyuta wa ruzuku kwamba imeuzwa, sasa mtu akikaa na namba ya mama anaweza kuonyesha kachukua mifuko yake yote wakati mama hajapata hata kilo moja. Unaelewa kwa nini wanaitafuta sana hiyo namba?

Mama Maharage
Hapo kwenye namba mwanangu msikilize huyo. Mimi niko Kibondo, enzi za vocha, vile vikaratasi vya ruzuku, msimu wa 2008/09 kuendelea, niliona kwa macho yangu watu wanasaini vocha wanapewa vielfu mkononi, mbolea inauzwa kwingine. Jirani yangu alisaini hivyohivyo sababu mtoto alikuwa anaumwa, mahindi yake mwaka ule yalitoka ya njano, mafupi, hadi leo nikikumbuka naumia. Mwambie mama aende dukani mwenyewe, asiondoke bila mfuko na risiti.

Mnyamwezi wa Urambo
Huku Tabora sisi wa tumbaku tumezoea pembejeo kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unakopeshwa halafu unakatwa kwenye mauzo, kwa hiyo wazee wengi wakisikia ruzuku wanajua ni mkopo au ni hela ya mkononi. Mweleze mama taratibu kwa Kiha, siyo mkopo, hatadaiwa. Halafu angalia ekari alizoandikiwa, mifuko inatoka kwa ekari, mzee wangu aliandikiwa moja wakati analima nne ikabidi turudi kwa mtendaji kurekebisha.

Mtoto wa Heru
Asanteni sana, shikamoo Mama Maharage. Nimempigia sasa hivi, hela hajatoa ila namba alishamsomea yule mtu 😭

Bwana Pembejeo
Leo hii hii aende kwa mtendaji pamoja na afisa ugani, waangalie kwenye mfumo kama kuna mifuko imeshatolewa kwa jina lake. Kama bado, anunue kesho asubuhi kwa wakala mwingine, aanze na DAP ya kupandia, urea ya kukuzia isubiri mahindi yafike magotini. Kama imeshatolewa, aandike malalamiko palepale ofisini yapelekwe wilayani na kwa TFRA, mamlaka ya mbolea, na wewe hiyo meseji usiifute.

Mtoto wa Heru
Kaka yangu ameshapanda bodaboda anamfuata mama. Nitarudi hapa jioni.